Lugha Aliyobaki Nayo Sista Remei

Jumanne, 9 Machi 1965

Mvua imeanza leo mchana, mapema kuliko tulivyotazamia. Bati la zahanati limetutia uziwi. Nimefua mashuka ambayo hayatakauka kesho wala kesho kutwa. Nimechoka. Haya naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiteso naona haya kulalamika. Naona kama marehemu mama ananisikia.

Sista Remei amerudishwa kutoka hospitali kubwa. Tumemlaza chumba cha mwisho, karibu na tangi la maji. Upande wake wa kulia umekufa, mkono na mguu, na mdomo umekwenda kando. Daktari amesema damu ilimwagika kichwani. Hilo tulikuwa tumeambiwa. Jambo ambalo hatukuambiwa ni hili: nilipomsalimu, "Yoga, Sista," yeye aliyesema Kiteso hapa kwetu tangu mimi nikiwa mtoto, alinitazama kama mtu anayesikia mbwa akibweka mbali. Kisha akanijibu kwa maneno ambayo sijapata kuyasikia.

Sista Pilar, mkuu wa misheni, alikuwa amesimama mlangoni.

"Hicho ni Kispania, Sista?"

"Hapana. Ni lugha ya upande wao. Kikatalani." Alikunja uso. "Lugha ya jikoni. Mengine yote yamefutika."

Akaenda zake kusali.

Alhamisi, 11 Machi

Mvua. Mashuka hayajakauka.

Jumapili, 14 Machi

Baada ya misa nilikaa na Sista Remei. Watu wanakuja kumwona kutoka mbali, Amukura, Amagoro, hata ng'ambo ya mto. Wanawake waliokuwa wasichana wake wanamwamkia, naye anasema maneno yake, nao wanatazamana. Wanatoka nje wakifuta macho. Kesho hawatarudi. Siwalaumu. Ni vigumu kukaa na mtu ambaye mlango wake umefungwa na yeye yumo ndani.

Mimi ni mmoja wa wasichana hao. Alinifundisha kusoma, kushona na kutosema uongo, kule Amukura, katika nyumba ya udongo ambayo siku hizi haipo. Alikuwa mkali, na akicheka alicheka mpaka anakaa chini. Aliwahi kutusimulia kwamba wakati wa vita vya kwao, watu wenye vitambaa vyekundu shingoni waliichoma nyumba ya masista, naye akatoka kwa dirisha la jikoni akiwa na viatu vya mwenzake. Alikuja kwetu na viatu hivyo hivyo. Mume wangu alipokufa Funyula na nikarudi bila mtoto, yeye ndiye aliyenipa kazi hapa ya kuwasaidia wauguzi. Hakuniuliza lolote. Alinipa aproni.

Chakula hakubali kutoka kwa mtu mwingine ila mimi. Hiyo ni heshima. Pia ni kazi.

Ijumaa, 19 Machi

Sista Pilar ameniita ofisini. Alisema bila kunitazama, akipanga vitu juu ya meza.

"Sista Remei anataka kurudi kwao. Kila nikiingia anarudia neno moja, casa, casa. Hilo hata kwa Kispania ni hilo hilo, nyumbani. Wakubwa wetu wamekubali. Mwezi wa sita, mvua ikipungua, atapanda gari la moshi hapa Malaba mpaka Nairobi, halafu ndege. Mimi siwezi kuondoka. Sista Asunta ana malaria kila mwezi. Utakwenda wewe."

Nilidhani sikusikia.

"Mimi, Sista?"

"Anakula mkononi mwako. Utakaa naye miezi michache katika nyumba yetu kule. Kuna masista wengi, hutamgeuza kitandani peke yako. Utapumzika kidogo. Lakini ujifunze maneno yake, angalau ya njiani. Katika ndege nani atakusaidia?"

Nimetoka nje nikasimama mvuani bila kujua. Sikufikiria Ulaya, wala ndege. Nilifikiria lile neno, utapumzika.

Jumatatu, 22 Machi

Nimemweleza kaka yangu Opolot. Alikuwa ananoa jembe. Hakuinua kichwa.

"Na wimbi lako? Palizi imefika. Utakwenda kwa Wazungu, magugu yale atayang'oa nani?"

Najua anachotaka. Kile kipande cha shamba alichonipa baba kimepakana na chake. Tangu nirudi kutoka Funyula amekitazama kama mtu anayetazama nyama katika sahani ya mgeni.

Alhamisi, 25 Machi

Mbarak, dereva wa lori la mchele la Busia, ameniambia kwamba yule fundi mzungu wa kiwanda cha kuchambulia pamba ni wa huko huko kwao Sista Remei. "Watu wanamwita Mspania," alisema, "lakini ukimwita hivyo atakurushia spana. Mwite Bwana Ferrer. Na usimtajie kanisa, dada. Kanisa hapatani nalo."

Jumamosi, 27 Machi

Nimekwenda kiwandani. Msimu wa pamba umekwisha, mashine zimefunguliwa tumbo na vyuma vimetandazwa juu ya magunia. Bwana Ferrer ni mtu mfupi, mweupe nywele, mikono myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko. Kiswahili chake ni kile cha wazungu.

"Wewe nataka nini? Kazi hapana."

"Sitaki kazi, Bwana. Kuna mgonjwa wetu. Kila siku anasema neno, tinc set, tinc set. Tunamletea mto, anasukuma. Tunamfunika blanketi, anasukuma. Wameniambia wewe huenda unajua."

Aliweka spana chini taratibu.

"Sema tena."

"Tinc set."

"Nani nasema hii?"

"Sista mmoja. Amepooza. Lugha nyingine zote zimempotea."

"Yeye iko na kiu!" alipiga kelele, mpaka vibarua waliokuwa wakifagia pamba wakageuka. "Kiu! Siku ngapi yeye nasema?"

"Tangu aje."

"Basi wewe nafanya nini hapa? Kwenda! Mpe maji!"

Nilirudi mbio, matope mpaka magotini. Maji tulikuwa tunampa, ndiyo, asubuhi na jioni, kama tunavyowapa wagonjwa wote. Leo nilimpa kikombe, akanywa, nikampa kingine, akanywa, na cha tatu. Maji mengine yalimtoka upande wa mdomo uliokufa yakalowesha kifua. Kisha akashika kidole changu kwa mkono wake mzima, akasema, "Gràcies, nena." Sikuhitaji fundi kunieleza la kwanza. La pili, nena, nimelikisia kwa jinsi alivyonitazama: msichana.

Nina miaka thelathini na minne na magoti yananiuma.

Jumatano, 31 Machi

Mvua. Watoto wawili wa surua.

Jumamosi, 3 Aprili

Bwana Ferrer amekubali kunifundisha kila Jumamosi mchana, kwa sharti moja.

"Mimi hapana ingia misheni. Wewe takuja hapa."

Tunakaa juu ya magunia. Ananiandikia maneno kwa chaki juu ya bamba la chuma, tunayasoma, anayafuta kwa kiganja. Bon dia, habari za asubuhi. Aigua, maji. Em fa mal, ninaumwa. On és, iko wapi. Lugha hiyo inapenda kukata maneno mwishoni, kama mtu aliyejiuma ulimi. Nikisema aigua kwa urefu wetu wa kawaida anacheka, halafu anaacha kucheka, anatazama nje.

"Muda mrefu mimi hapana sikia mtu nasema hii," aliniambia. "Hata vibaya namna yako."

Jumamosi, 10 Aprili

Somo la safari: tiketi, choo, mlango, leo, kesho. Pia estic cansada, nimechoka. Hilo nimelishika mara moja, sikuhitaji chaki.

Nimemwuliza kwa nini hapendi misheni. Nilijutia kuuliza. Alifuta bamba lote.

"Sisi nashindwa vita. Ndugu yangu nashikwa. Asubuhi ile wao naweka yeye ukutani, na bunduki, na padri iko pale, na msalaba. Padri hapana sema kitu. Mimi natoka kwetu na miguu, juu ya mlima, theluji. Basi."

Kumbe alikuwa upande wa wale wenye vitambaa vyekundu. Nilirudi nyumbani nikiwaza. Mmoja alichomewa nyumba, mwingine aliuliwa ndugu, na lugha ni moja. Sikumwambia Sista Pilar ni nani anayenifundisha. Nilisema tu, fundi wa pamba.

Jumapili, 18 Aprili. Pasaka

Nimemwambia Sista Remei "Bona Pasqua" kama nilivyofundishwa. Alilia kwa jicho moja. Jingine halitoi tena machozi.

Jumanne, 27 Aprili

Mto umejaa. Opolot amepita akisema wimbi langu limekuwa msitu. Nilimwambia msitu nao ni wa Mungu. Aliondoka akitikisa kichwa.

Jumamosi, 1 Mei

Nimekwenda Busia na lori la Mbarak kupigwa picha ya pasipoti. Katika picha naonekana kama mtu aliyekamatwa. Kutoka hapo nikaingia duka la Mama Zainabu kutafuta kabuti, maana Sista Pilar amesema kule milimani kuna baridi hata mwezi wa sita. Mama Zainabu alikwenda kuhiji miaka iliyopita, ndiye mtu pekee ninayemjua aliyevuka bahari.

"Maneno umejifunza?" aliniuliza, akinipima kabuti begani.

"Kidogo, mama. Maji, mkate, tiketi."

"Hayo hata bubu atapata kwa mikono. Mimi nilipofika Jidda nilijua maji, nilijua bei gani. Halafu kwenye umati nikaachana na wenzangu. Unajua neno sikuwa nalo? Nimepotea. Nililia kama mtoto, mwanangu, watu wananipa maji! Kila mtu ananipa maji! Mwulize mwalimu wako hilo kwanza."

Nimecheka njia nzima mpaka Malaba. Ni siku nyingi sijacheka. Kabuti ni la kijivu, la mwanamume, lakini linafunga vizuri.

Jumamosi, 8 Mei

Estic perduda. Nimepotea. Bwana Ferrer aliliandika kwa herufi kubwa.

Jumatano, 12 Mei

Mvua, mvua, mvua. Sista Remei ameanza kidonda mgongoni. Namgeuza kila mara, na mwili wake mdogo ni mzito kama gunia lililolowa. Ninahesabu majuma ya kuondoka kama mfungwa.

Ijumaa, 14 Mei

Niandike polepole, nielewe mwenyewe.

Leo asubuhi, wakati namwosha, nilitaka kumfurahisha. Maneno sasa ninayo ya kutosha kwa sentensi fupi. Nikamwambia, "Sista, mwezi wa sita tunakwenda nyumbani. A casa. Mimi na wewe, ndege." Nikanyoosha mkono kama bawa.

Nilitazamia atabasamu. Alinishika kifundo cha mkono akakaza.

"No," alisema. "No vull marxar."

No najua. Vull najua pia: nataka. Sitaki. Hilo la tatu, lenye sh ambayo wao wanaiandika kwa x, sikulijua. Nikamwuliza tena, "A casa, Sista? Casa?" Alipiga godoro kwa kiganja. "Casa és aquí." Akapiga tena. "Aquí." Akaelekeza kidole dirishani, kwenye migomba, kwenye matope, kwenye wanawake waliokuwa wakisubiri dawa na miavuli ya majani. "Aquí, nena. Aquí."

Aquí ni hapa. Hilo lilikuwa somo la pili kabisa.

Basi siku zote hizi alikuwa anasema yuko nyumbani. Au aliomba atolewe hospitali kubwa arudishwe kwetu, na baada ya kurudishwa neno likabaki mdomoni. Sijui. Sisi tulisikia casa, tukamtafutia ndege.

Nilimalizia kumwosha. Nikambadilisha shuka. Nikatoka, nikakaa nyuma ya tangi, na nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia: sikumfikiria yeye. Nilijifikiria mimi. Picha imepigwa. Kabuti limeshonwa kifungo. Nikisema nilichosikia, siendi. Na yeye akibaki, ni nani atakayemgeuza mchana na jioni, mwaka huu na mwaka ujao? Ni mimi huyu huyu.

Tena marxar sijui maana yake. Labda ni kitu kingine.

Jumamosi, 15 Mei

Nilimwuliza Bwana Ferrer maana ya marxar, kana kwamba ni neno la njiani kama mengine.

"Kuondoka," alisema. "Kwenda moja kwa moja." Aliliandika. Akanitazama. "Nani nasema hii?"

"Nimelisikia tu."

"Kwa nani? Hapa Malaba mimi na yeye tu nasema."

Alichukua kitambaa akafuta mikono yake, kidole baada ya kidole, ingawa hakuna kitambaa kitakachoitoa grisi ile.

"Mimi, mtu hapana uliza mimi nataka kwenda au nataka kukaa," alisema. "Wewe nasikia yeye. Mtu mwingine hapana sikia."

Niliondoka bila kuaga. Nimemkasirikia njia nzima. Yeye hamgeuzi mtu. Yeye hana zahanati. Anakaa na vyuma vyake anatoa mafundisho.

Jumatatu, 17 Mei

Sijasema.

Jumatano, 19 Mei

Sijasema. Sista Remei hanisemeshi ila kwa maji na maumivu. Ananitazama.

Ijumaa, 21 Mei

Nimesema.

Nilimkuta Sista Pilar kanisani, mchana, peke yake. Nilidhani anasali. Alikuwa amelala akiwa ameketi, viatu vimevuliwa, na miguu imevimba kama mikate. Sikuwa nimepata kuiona miguu yake. Nilitaka kurudi, akaamka.

"Sista, Sista Remei hataki kwenda."

"Amesemaje?"

Nilimwambia maneno kama yalivyo. Aliyasikiliza huku akitafuta viatu kwa vidole vya miguu.

"Ni mgonjwa. Hajui anachosema."

"Anajua akiwa na kiu, Sista. Anajua akiumwa. Mbona hili asijue?"

"Apeduno!" Jina langu lilivuma kanisa zima. "Mambo yote yamekwisha kupangwa. Unadhani ilikuwa rahisi? Na wewe umejifunza Kikatalani cha majuma machache kwa fundi wa pamba, leo unakuja kunifafanulia moyo wa sista mwenzangu?"

"Basi mwite fundi mwenyewe amsikilize."

Alitia mguu katika kiatu kimoja, akasema, na hasira ilikuwa imemtoka, "Miaka kumi naomba nirudishwe kwetu. Kila mwaka naomba, kila mwaka wanasema ngoja. Niliposikia casa... sikufikiria kwamba kuna mtu angekataa."

Nilimtazama huyu mwanamke ninayemwogopa. Alikuwa amevaa kiatu kimoja.

"Mwite," alisema. "Kama atakuja."

Jumamosi, 22 Mei

Amekataa. "Mimi nasema siku ya kwanza. Misheni, hapana." Tulisoma majina ya vyakula. Hakuna aliyeyasikiliza, si yeye, si mimi.

Jumatano, 26 Mei

Pasipoti imefika. Jina langu limeandikwa vizuri.

Jumapili, 30 Mei

Amekuja.

Mvua ilikuwa kubwa, misa imekwisha, watu wamejibana barazani. Nilimwona langoni bila kofia, shati jeupe, mikono imesuguliwa mpaka imekuwa myekundu. Hakuingia mlangoni. Alizunguka zahanati kwa nje, akipita kwenye matope, mpaka dirisha la chumba cha mwisho, akasimama chini ya ukingo wa bati ambapo maji yalimshukia mgongoni. Sista Pilar, aliyekuwa amekaa na mgonjwa, aliinuka kitini. Mimi nikaingia nikafungua dirisha lote.

"Bon dia, germana," alisema Bwana Ferrer.

Germana ni sista, na pia ni dada wa kuzaliwa. Wanalo neno moja kwa yote mawili.

Sista Remei aligeuza kichwa. Sijui niandikeje uso ule. Tangu mwezi wa tatu tumezungumza naye kwa vipande, yeye akitupa vipande. Sasa mtu alimsemesha kwa lugha nzima. Alianza kusema, na maneno yalikuja kwa kukwama kwama, lakini yalikuja, na Bwana Ferrer akawa anayangojea. Nilishika moja moja. Kijiji. Mama. Mvua. Kuna wakati wote wawili walitaja jina moja la mji, kila mmoja akatazama kando. Nilijua wamefika wapi: kwenye vita. Sista Remei alimwuliza kitu, kifupi. Bwana Ferrer akainamisha kichwa, akajibu, "Sí. Amb aquells." Hapo nilielewa: ndiyo, nilikuwa pamoja na wale.

Nilimwona Sista Pilar akishika rozari yake kwa nguvu. Hata yeye alikuwa ameelewa.

Sista Remei aliyatazama maji yaliyokuwa yakimshukia fundi. Halafu akaniambia mimi, kwa sauti ya zamani ya Amukura, sauti ya kuamuru darasa, ile ambayo nilidhani imekufa na mkono, "Nena. Una cadira." Kiti. Mletee kiti.

Nilikipitisha dirishani. Bwana Ferrer alikaa nje, kwenye matope, mvua ikimpiga, Sista Remei yuko ndani kitandani, wakaongea. Walizungumza juu ya supu. Nakuapia. Supu fulani ya kwao ya Krismasi, na kama inatiwa kabichi au haitiwi.

Mwishoni Sista Pilar mwenyewe alisogea dirishani. Alisema kwa Kiswahili, labda kwa sababu Kispania kati ya watu hawa wawili kilikuwa na makali; Bwana Ferrer hapendi hata kuitwa Mspania.

"Bwana, tafadhali. Mwulize kama anataka kuondoka."

"Vol marxar, germana?"

"No."

"Anaweza kufa hapa bila daktari. Mwambie."

Alimwambia. Sista Remei akajibu kirefu, akipumzika katikati.

"Yeye nasema," Bwana Ferrer alifuta uso, "kule yote iko makaburi. Watu yake iko hapa. Nasema, pole, yeye najua iko mzito kugeuza." Alinitazama mimi. "Hii ya mwisho nasema kwa wewe."

Jumatatu, 31 Mei

"Nani atamgeuza?" Sista Pilar aliniuliza leo asubuhi.

"Mimi," nilisema. Nilisema kama mtu anavyoitika akiitwa kutoka barabarani, kabla hajajua anaitiwa nini.

Jumatatu, 14 Juni

Gari la moshi ambalo tungelipanda limepita. Lilipiga honi pale stesheni kama kila siku. Nilikuwa na ndoo ya maji machafu mikononi. Niliyatupa chini na ndoo yenyewe, ikabingiria mpaka kwenye migomba. Wagonjwa walinitazama. Nikaifuata, nikaiokota.

Watu wananisifu. Paroko amenisifu mimbarini. Sitaki sifa, nataka kulala. Nimeurudisha uso wangu kwa Sista Remei nikiwa na hasira naye kama mtu anavyomkasirikia mtoto mchanga, na yeye akajua, akafumba macho nimwoshe kwa amani.

Jumapili, 20 Juni

Nimekwenda shambani kwangu kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, nimejitayarisha kuona msitu. Wimbi lilikuwa limesimama safi, mistari inaonekana, masuke yamejaa. Mke wa kaka yangu, Alupo, alikuwa anapita na mtungi.

"Nani amepalilia?"

"Kwani hujui? Opolot. Anatoka kwake, anaingia kwako. Nilimwambia utakwenda zako Ulaya usirudi, akasema, akirudi atakula nini?"

Nilimkuta kaka nyumbani ananoa jembe lile lile. Nilikaa karibu naye. Hakuna aliyesema kitu cha maana. Alilalamika juu ya panya, nikakubali kwamba panya ni wengi.

Alhamisi, 1 Julai

Mvua zimekoma. Mashuka yamekauka kabla ya saa sita. Bwana Ferrer huja Jumapili, bado hukaa nje ya dirisha. Kidonda cha mgongo hakijapona. Nina homa ndogo.

Jumanne, 6 Julai

Homa. Nimefanya kazi hivyo hivyo.

Ijumaa, 9 Julai

Leo mchana, nilipokuwa naingia chumbani kumgeuza, nilimkuta Sista Pilar yumo. Amekunja mikono ya vazi lake juu ya viwiko. Sijapata kumwona mikono. Ni mikono ya mkulima, kama yangu.

"Kaa," aliniambia. "Sista Asunta amechukua wodi. Kuanzia leo mchana ni zamu yangu. Nionyeshe unaanzia wapi, begani au kiunoni?"

"Begani, Sista. Halafu goti."

Aliinama. Sista Remei alimtazama kwa wasiwasi, akakaza mwili.

Sista Pilar aliona. Alisimama wima, akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwa lugha yake, pole pole wanasemaje?"

"A poc a poc, Sista."

Alilirudia midomoni, mara mbili, bila sauti. Kisha alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka.

"Ni karibu sawa na Kispania chetu, poco a poco," alisema. "Miaka yote nilidhani ni mbali."

Akainama tena, akatia mkono mmoja begani na mwingine gotini. "A poc a poc, germana," alimwambia. Na Sista Remei akalegea, akaachilia uzito wake wote, akageuzwa.

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha mlangoni. Nilitaka kuona kama atamlaza juu ya kidonda. Sikuona. Wameniambia nililala pale pale, mdomo wazi, mpaka watu wa dawa walipokwisha, na kwamba Sista Pilar alimkataza kila mtu kuniamsha.